Alichemka usiku kucha baada ya chanjo ya wiki 6, mume kasema basi. Nifanyeje?

"Dokta shikamoo, naomba usinitaje jina. Nina mtoto wa kike, wa kwanza, ana miezi 5. Alipata chanjo za kuzaliwa na za wiki 6, usiku ule akachemka sana akalia mpaka alfajiri, paja limevimba, mama mkwe (tunaishi nae) akasema mnataka kuniulia mjukuu. Wiki 10 sikwenda, wiki 14 nayo ikapita. Mume wangu ana voisi ya WhatsApp inasema chanjo zinaleta usonji na zinafunga uzazi wa watoto wetu wa kike. Halafu mtaani kuna mtoto alichomwa sindano mpaka leo mguu mmoja umepooza. Mama mkwe anasema wao waliugua surua wote na wamepona. Mi nimebaki katikati, kuna siku natamani niende nae kimyakimya. Nikienda sasa ataanza upya? Naweza kuomba achomwe moja moja? Nikimpa panadol kabla ya kwenda itasaidia? Na naogopa manesi watanigombeza."

Marahaba mama. Umeuliza maswali kama nane kwenye meseji moja na yote ya maana, kwahiyo nitajibu kirefu, kaa chini mtoto akilala usome taratibu.

Nianze na lile la haraka maana najua ndo limekunyima usingizi. Haanzi upya. Mwili wa mtoto hausahau ile dozi ya wiki 6 eti kwasababu umechelewa, unaendelea pale ulipoishia. Leo ukienda atapewa dozi ya pili ya penta (ile sindano ya magonjwa matano), ya pili ya nimonia, na matone ya polio, wiki 4 baadae dozi ya tatu, na ile sindano ya polio nayo wataipanga humohumo. Matone ya kuzuia kuhara (rota) yana hesabu yake ya umri, nesi ataangalia kadi. Akifika miezi 6 anapata matone ya vitamini A, miezi 9 surua na rubella, anarudia miezi 18. Basi. Hujaharibu kitu ambacho hakirekebishiki.

Sasa ule usiku. Sitakwambia "ni kawaida tu" maana mtoto wa kwanza akichemka saa nane usiku na mama mkwe amesimama mlangoni hakuna kawaida hapo. Ila nikueleze kilichokuwa kinaendelea mwilini mwake.

Ile penta ndani yake kuna kinga ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na mdudu anaitwa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Mchokozi mkubwa wa homa ni hiyo sehemu ya kifaduro, kwasababu chanjo tunayotumia kwenye kliniki zetu ina bakteria mzima wa kifaduro aliyeuawa. Amekufa, hawezi kumuumwisha mtoto kifaduro, lakini mwili ukimuona haujui kama amekufa. Fikiria sungusungu wamekuta mtu kalala kichochoroni saa saba usiku, kabla hawajajua ni mzima au maiti filimbi zimeshapigwa mtaa mzima umeamka. Homa ndo hiyo filimbi. Na paja kuvimba ni pale walipokusanyika. Hadi nusu ya watoto wanapata homa baada ya sindano hii, kwa kawaida inaanza siku ileile na inaisha ndani ya siku moja au mbili. Na ujue pia kinyume chake, mtoto ambaye hakuchemka haimaanishi chanjo haijashika.

Huko Ulaya na Marekani wengi wanatumia aina nyingine yenye vipande tu vya huyo bakteria, homa inapungua kweli, na baadhi ya hospitali binafsi za mjini unaweza kuikuta kwa kulipia. Nakutajia ili usije ukasikia kwa mtu mwingine ukaona nimekuficha. Ila kinga yake ya kifaduro inapungua mapema zaidi kuliko hii yetu. Kwahiyo sio kwamba sisi tumepewa makapi. Kama una hela na homa ndo kikwazo pekee pale nyumbani, waulize hao, ni bora hiyo kuliko kukaa bila kitu. Kama huna, ya bure kliniki inatosha kabisa.

Panadol kabla ya kwenda, hapana. Kuna utafiti ulionyesha watoto waliopewa mapema kabla homa haijaja kinga yao ilipanda kidogo chini ya wenzao. Subiri, homa ikija na mtoto anahangaika ndo umpe, kwa uzito sio kwa umri: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 7 ni kama mililita 3 hadi 4 za ile parasetamol ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, unaweza kurudia baada ya masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe mtoto. Mvue manguo mazito, mnyonyeshe kila anapotaka. Na lile paja usilikande na maji ya moto wala kulipaka dawa ya kuchua, kitambaa cha maji ya baridi kinatosha.

Kuhusu yule mtoto wa jirani aliyepooza mguu, hapa nakuomba unisikilize vizuri kwasababu hiyo hadithi huenda ni ya kweli kabisa. Nimewaona watoto hao. Kwenye tako kunapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni, na sindano ikichomwa pale vibaya, hasa dawa kali kama kwinini enzi zile ilipokuwa inachomwa sana, mshipa unaumia na mguu unalegea. Sijui jirani yako alichomwa nini, muulize taratibu, alichomwa wapi na alikuwa anaumwa nini. Chanjo za watoto wachanga hazichomwi takoni. Zinachomwa pajani, mbele upande wa nje, nyama ipo ya kutosha na ule mshipa haupo hapo. Siku moja mama mmoja aliniambia kwa ukali "nyie ndo mlilemaza mtoto wa dada yangu", nikamuuliza kovu liko wapi, akaonyesha tako. Mtoto alikuwa na malaria kali, akachomwa dukani na mtu ambaye sijui hata kama alisomea. Lakini kwa familia ile neno likawa "sindano", na sindano zote zikaingia kwenye kapu moja.

Voisi ya mume wako ina mambo mawili, tuyatenganishe.

La usonji lina asili yake. Mwaka 1998 daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala kuhusu watoto 12, kumi na mbili tu, akahusisha chanjo ya surua na usonji. Baadae ikagundulika taarifa za hao watoto zilichezewa na alikuwa analipwa na mwanasheria aliyekuwa anaandaa kesi dhidi ya watengeneza chanjo. Jarida likaifuta makala mwaka 2010 na yeye akafutiwa leseni mwaka huohuo. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu, majibu yakatoka 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa usonji uleule. Kwanini basi wazazi wengi wanaapa kabisa kwamba mtoto alibadilika baada ya chanjo? Hawadanganyi. Dalili za usonji nyingi zinaanza kuonekana kati ya mwaka mmoja na miwili, mtoto haitiki jina, haangalii usoni, maneno hayaji, na chanjo ya pili ya surua inatolewa miezi 18, katikati ya hapohapo. Vitu viwili vimekutana njiani, mzazi anaunganisha. Hata mimi ningeunganisha.

La uzazi ni letu zaidi. Huko Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ina homoni ya kuzuia mimba, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, lakini maneno yalishatoka na mpaka leo yanazunguka kwenye magrupu, kila mwaka yanavaa nguo mpya. Mi huwa siwajibu watu kwa kemia hapa. Nawaambia hivi, mpango wa chanjo za watoto Tanzania ulianza 1975. Sensa ya 1978 tulikuwa milioni 17.5. Sensa ya 2022 tumehesabiwa milioni 61.7, na waliozaa ni haohao waliochanjwa kliniki utotoni. Kama kuna mtu alipanga kutufunga uzazi kwa njia hii basi kazi imemshinda vibaya sana. Mwambie mume wako acheke kidogo halafu amuulize mama yake kama yeye mwenyewe hakupelekwa kliniki. Kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, begani kwake litajibu.

Sasa tuje kwa mama mkwe, na hapa ndo nataka nikae, maana kwa uzoefu wangu hakuna anayekataa chanjo kwasababu amesoma utafiti. Watu wanakataa kwasababu kuna mtu wanayempenda au kumheshimu pale nyumbani ameogopa. Mama mkwe wako ameogopa. Alimuona mjukuu anawaka moto mikononi, kwa macho yake. Surua ya mjukuu hajaiona. Homa ipo, ugonjwa haupo, mtu yeyote angepima hivyohivyo.

Ila yeye ana kitu ambacho mimi na wewe hatuna. Kama amezaliwa kabla ya hizo chanjo kuenea, anajua. Usibishane nae. Siku mko jikoni mnachambua mchele muulize kwa heshima, "mama, nyie mlizaliwa wangapi?" Halafu nyamaza. Akisema nane, muulize waliofika utu uzima ni wangapi. Waliopona surua ndo wanaosimulia kwamba wamepona, wale wengine hawapo kubisha. Muulize na majirani, nani alipofuka baada ya surua, maana surua kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A inakula macho. Nimeshafanya hivi na bibi mmoja kliniki, alikuja kugomba, akakaa kimya muda mrefu, akataja majina mawili. Sikusema neno jingine.

Na hili la "aumwe tu ajenge kinga ya asili" lina tatizo jingine ambalo halijulikani sana. Virusi vya surua vinaingia kwenye seli za kinga zenyewe, zile zinazotunza kumbukumbu za magonjwa yaliyopita, vinazifuta. Mtoto anapona surua, vipele vinaisha, halafu miezi inayofuata anapata nimonia, anaharisha, kana kwamba mwili wake umerudi kuwa wa mtoto mchanga. Ndo maana zamani mtoto alipona surua akafa mwezi wa pili baadae na watu wakasema ni kitu kingine. Inaambukiza vibaya pia, mgonjwa akikohoa chumbani virusi vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa nae 9 wanaweza kuambukizwa. Hebu fikiria daladala ya saa moja asubuhi.

Lakini mama, kinachonitisha kwa mwanao leo hii si surua, chanjo yake ni miezi 9 muda bado upo. Ni kifaduro. Ana miezi 5 na dozi moja tu. Kwa mkubwa kifaduro ni kikohozi cha miezi, kero basi. Kwa mtoto mchanga mara nyingine hata hakohoi sana, anaacha kupumua, anabadilika rangi, ameishia hapo. Anaambukizwa na mtu mzima mwenye kikohozi kisichoisha anayembeba kila siku. Na pepopunda nayo, hata mtaa mzima uchanje watoto wao haimsaidii wa kwako, maana haitoki kwa mtu, iko kwenye udongo, anaanza kutambaa mwezi ujao na misumari iko. Kunyonya vizuri kunamsaidia sana kwenye kuhara na mafua, endelea, ila kwenye haya hakutoshi.

Je chanjo zina madhara makubwa? Zipo, nadra. Mzio mkali unatokea kwa kama mtoto mmoja kwenye dozi milioni, unakuja ndani ya dakika chache, uso unavimba na pumzi inabana, ndo maana wanakwambia kaa kwenye benchi dakika 15 mpaka 30 usikimbilie bodaboda. Degedege kwasababu ya homa inaweza kutokea kwa wachache, inatisha sana kuiona lakini kwa kawaida haiachi ulemavu. Matone ya rota kwa watoto wachache mno katika laki moja yanahusishwa na utumbo kuingia ndani ya utumbo mwenzake: analia kwa vipindi akikunja miguu, anatapika, choo kina damu. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Na makosa ya binadamu yapo pia. Kule Samoa, visiwa vya Pasifiki vyenye watu kama laki mbili, Julai 2018 watoto wawili walikufa dakika chache baada ya chanjo ya surua. Chanjo haikuwa na kosa. Manesi walichanganya ule unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda badala ya maji yake, wakafungwa. Serikali ikasimamisha chanjo kwa miezi, wazazi wakaogopa, na nani angewalaumu, waliochanjwa wakashuka mpaka theluthi moja hivi. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Walikufa watu 83, wengi wao watoto chini ya miaka 5. Desemba serikali ilifunga nchi siku mbili na kuambia kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa itundike kitambaa chekundu nje, timu zinapita mlango kwa mlango. Watoto wawili walikufa kwa kosa la kweli, na hofu iliyofuata ikawa na sababu ya kweli, na bado ilileta makaburi mengi kuliko lile kosa. Hiki kisa huwa siwaambii watu haraka haraka.

Kwahiyo una haki ya kukagua. Muombe nesi akuonyeshe kichupa. Chupa nyingi za chanjo zina alama ya duara na kijiboksi cha mraba katikati, kijiboksi kikiwa cheupe kuliko duara chanjo ni nzima, kikifanana rangi na duara au kuwa cheusi zaidi imepata joto, haitumiki. Chanjo inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika kuna utaratibu, uliza. Nesi anayejua kazi yake hakasiriki, anafurahi. Na ukija kwenda ile ya surua wakakwambia rudi siku fulani usidhani wanakuzungusha, ile ni ya unga, ikishachanganywa inatupwa baada ya masaa 6 na chupa moja ni ya watoto kadhaa, wanasubiri mpate wengi.

Moja moja: penta huwezi kuitenganisha, zote tano ziko kwenye kichupa kimoja. Unachoweza kutenganisha ni penta na ile ya nimonia, siku mbili tofauti. Unapata nini? Safari mbili, vilio viwili, usiku wa homa pengine mara mbili, na wiki kadhaa zaidi bila kinga. Sioni faida, ila kama ndo sharti la mume wako ili akubali, bora hivyo kuliko bure.

Kwenda kimyakimya... hili nimelifikiria. Sikukatazi na sikuhukumu. Tatizo ni usiku. Homa ikija utajificha nayo wapi, na akipata dalili ya hatari utaogopa kusema, hapo ndo tutampoteza kwa siri. Jaribu kwanza kwenda na baba yake. Usimwambie "tukachanje", mwambie twende tukamsikie nesi, ile voisi aje nayo kwenye simu aisikilizishe pale pale. Wanaume wengi wakiulizwa wao maoni yao kliniki, badala ya kuachwa nje na mabegi, wanabadilika. Mpe wiki moja, mbili. Zaidi ya hapo mtoto asisubiri vikao, mpeleke, na urudi umwambie mwenyewe jioni ileile.

Manesi kugomba, ni kweli wapo, nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Mimi mwenyewe mke wangu aligombezwa sehemu fulani kwa kusahau kadi. Ingia na sentensi moja: "nimechelewa kwasababu niliogopa homa, nataka tuendelee." Akigomba muombe mwingine au nenda kituo kingine, kadi yako inakubalika popote.

Kabla hawajamchoma waambie kama alipata degedege ndani ya siku 3 baada ya ile ya kwanza, au uso ulivimba, au kama siku hiyo ana homa kali na hanyonyi. Mafua na kikohozi kidogo havizuii. Baada ya chanjo muwahishe hospitali akilia mfululizo zaidi ya masaa 3, akigoma kunyonya, akilegea, akipata degedege, au paja likivimba zaidi kila siku mpaka kama jipu. Na homa ikivuka siku mbili msikae mkiilaumu chanjo, kapimeni malaria. Nishapokea watoto waliocheleweshwa siku nne nyumbani, "ni ile sindano", kumbe malaria imeshapanda kichwani.

Chagua siku ambayo kesho yake hamna ratiba, nunua kipimajoto, ile ya dijitali ya duka la dawa inatosha, na usiku ule mpe mama mkwe ndo ashike yeye. Apime yeye, aandike yeye. Halafu asubuhi niandikie ilifika ngapi.